Eneo bunge la 94 la Virginia: kura moja, na mistari iliyochorwa kabla yake

Wanaowasihi Wamarekani wajitokeze kupiga kura wana kisa kimoja wasichokichoka, nacho ni cha eneo bunge la 94 la Baraza la Wajumbe, yaani baraza la chini la bunge la jimbo la Virginia. Novemba 7, 2017, wakazi wa sehemu ya mji wa Newport News walikwenda kumchagua mjumbe wao. Hesabu ya kwanza ilimpa David Yancey, Mrepublican aliyekuwa akikitetea kiti, ushindi wa kura 10 dhidi ya Shelly Simonds wa chama cha Democratic. Kura zikahesabiwa upya Desemba 19, na safari hii Simonds akatangulia kwa kura moja tu, 11,608 kwa 11,607. Kesho yake majaji watatu wakaletewa karatasi moja yenye utata. Mwenye karatasi hiyo alikuwa ametia wino kwenye viduara vya wagombea wote wawili, kisha akakipiga mstari kile cha Simonds. Majaji wakasema kura ni ya Yancey. Ikawa sare.

Sheria ya Virginia inataka sare iamuliwe kwa bahati nasibu. Januari 4, 2018, mjini Richmond, mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi ya jimbo, James Alcorn, aliingiza mkono kwenye bakuli la kauri na kutoa kimkebe cha kuhifadhia filamu ya kamera. Ndani mlikuwa na jina la Yancey. Kwa jina hilo Warepublican wakabaki na viti 51 dhidi ya 49 katika baraza la watu 100. Lingetoka jina la pili, baraza lingegawanyika nusu kwa nusu.

Funzo linalotolewa hapo ni kwamba kura yako moja ina uzito. Sikatai, lakini naona kisa hiki kinasimuliwa kuanzia katikati. Kabla ya bakuli palikuwa na ramani, na ramani ndiyo iliyoamua nani wapige kura katika eneo la 94 na nani wapige katika la jirani. Simulizi ikianza 2011 badala ya 2017, swali linakuwa jingine, tena gumu zaidi: nani apewe kalamu ya kuchora mipaka?

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila baada ya miaka kumi Marekani hufanya sensa, na kila jimbo huchora upya maeneo bunge yake ili idadi ya watu ilingane. Kwa sensa ya 2020, kila eneo bunge la Baraza la Wajumbe la Virginia lilipaswa kuwa na watu 86,000 na ushei. Mjumbe hukaa miaka miwili tu, kwa hiyo ramani moja hupitiwa na chaguzi tano hivi kabla haijachorwa nyingine. Mwaka 2011 kalamu ilikuwa mikononi mwa baraza lenyewe, lililotawaliwa na Warepublican, na mchoraji mkuu akiwa mjumbe Chris Jones wa Suffolk. Mwaka huohuo Yancey alikishinda kiti cha 94, kilichoachwa na Glenn Oder, Mrepublican mwenzake.

Ramani ya Jones ilikuwa na maeneo 12 ambayo wapiga kura weusi walipaswa kufika angalau asilimia 55 ya watu wazima. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya heshima: Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 ilikataza kuwapunguzia watu weusi uwezo wa kumchagua wanayemtaka, na kiwango hicho kingewahakikishia. Mtu asidhani hoja hiyo ilikuwa ya upande mmoja. Wajumbe wengi weusi, Wademokrat, waliiunga mkono ramani hiyo. Kwa mbunge aliyepo, eneo lenye wafuasi wake wa kutosha na akiba ni usingizi mzuri, na kwa jamii iliyonyimwa kura kwa vizazi, kiti cha uhakika si kitu cha kubeza.

Bei yake ililipwa na majirani. Moja ya hayo maeneo 12 lilikuwa la 95, lililoanzia Hampton na kupenya kwa ukanda mwembamba hadi ndani ya Newport News likikusanya mitaa ya watu weusi. Ukiwajaza wafuasi wa chama kimoja katika eneo moja, huko watashinda kwa kura nyingi kupita mahitaji yao, na maeneo yanayopakana yatabaki na wachache wao. La 94 lilikuwa miongoni mwa majirani hao. Sidai kwamba mpaka mnyoofu ungempa Simonds ushindi mwaka 2017, kwa kuwa siasa za mji huo wenye kiwanda cha meli za kivita na familia nyingi za wanajeshi hazitabiriki kirahisi hivyo. Ninachosema ni kwamba pambano lililoishia kwa sare halikuwa la watu waliojikusanya wenyewe. Walikusanywa.

Juni 2018, miezi michache baada ya bahati nasibu, mahakama ya shirikisho iliamua kuwa maeneo 11 kati ya yale 12, la 95 likiwamo, yalichorwa kwa kutanguliza rangi ya ngozi kinyume cha katiba. Warepublican walikata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Juni 2019, kwa kura 5 kwa 4, ilisema baraza moja la bunge pekee halina haki ya kuibeba kesi hiyo kwa niaba ya jimbo. Wakati huo ramani mpya ilikuwa imekwisha chorwa na mtaalamu aliyeteuliwa na mahakama, Profesa Bernard Grofman, na athari zake zilivuka yale 11 na kuwafikia majirani, 94 likiwemo. Novemba 2019 Simonds alimshinda Yancey bila kuhitaji bakuli. Chris Jones, fundi wa ramani ya zamani, naye aliangushwa katika eneo lake la 76 baada ya mipaka yake kuguswa. Wademokrat walichukua baraza kwa viti 55 dhidi ya 45.

Anayetetea kalamu ibaki kwa wanasiasa ana la kusema hapa, na ni hoja nzito. Profesa hakuchaguliwa na mtu. Mchoro wake ukiwaudhi wananchi, hawana siku ya kumwadhibu, ilhali Jones alisimama mbele ya wapiga kura wake. Mjumbe anajua kwamba mtaa fulani hupeleka watoto shule ileile na mtaa ulio ng'ambo ya barabara kuu, jambo ambalo takwimu za sensa hazilioni. Halafu kuna usumbufu wa kubadilisha. Mtu wa Newport News asiyehama nyumba alipiga kura chini ya ramani ya 2011, kisha chini ya ramani ya mahakama mwaka 2019, kisha chini ya hiyohiyo mwaka 2021 kwa sababu takwimu za sensa zilichelewa, kisha chini ya ramani nyingine kabisa mwaka 2023, ambapo kiti cha Simonds kilipewa namba 70. Uwajibikaji unahitaji mwananchi amjue wa kumlaumu. Namba na mipaka vikicheza hivyo, mwenye shughuli zake huacha kufuatilia, na anayebaki akifuatilia ni mwanachama sugu wa chama.

Hoja ya usumbufu naikubali. Ya uwajibikaji inanishinda, kwa sababu mtu anayejichagulia wapiga kura wake amekwisha ukwepa uwajibikaji huo kabla siku haijafika. Jones aliangushwa baada ya kunyang'anywa kalamu. Alipokuwa nayo, kiti chake hakikuwa na wasiwasi.

Virginia ilijaribu njia ya tatu, na hapa ndipo vyama vyote viwili vilipovuliwa nguo. Warepublican walianza kuona uzuri wa tume ya mipaka walipotambua kwamba wanaweza kupoteza baraza. Wademokrat walikuwa wameihubiri kwa miaka, ila baada ya kushinda 2019 wengi wao wakagundua kasoro ndani yake. Machi 2020 pendekezo la kurekebisha katiba lilipita katika Baraza la Wajumbe kwa kura 54 kwa 46, Warepublican wote wakiunga mkono na Wademokrat tisa tu wakiungana nao. Hata hivyo, kura ya maoni ya Novemba mwaka huohuo ilipita kwa karibu theluthi mbili ya wananchi, dalili kwamba wapiga kura hawakuwa na mashaka waliyokuwa nayo wakubwa wao.

Tume ilikuwa na watu 16, nusu wabunge na nusu raia wa kawaida, waliogawanywa sawasawa kati ya vyama. Mgawanyo huo ndio uliowakwamisha. Kila upande ulikuja na wachoraji wake na wanasheria wake, na Oktoba 2021 kazi ikasimama bila ramani hata moja. Waliopinga tume walipata la kusema: mmeitoa siasa mlangoni, imerudi dirishani na viti vyake vya kukalia. Faili likaenda Mahakama ya Juu ya Virginia, ambayo iliteua wataalamu wawili, Sean Trende kutoka orodha ya Warepublican na Grofman yuleyule kutoka ya Wademokrat. Wawili hao walielewana palipowashinda watu 16. Ramani yao iliidhinishwa Desemba 28, 2021.

Trende na Grofman hawakujali mbunge yupi anaishi wapi. Matokeo yake wabunge wengi walijikuta wametiwa zizi moja na wenzao. Katika Seneti ya jimbo, Louise Lucas na Lionell Spruill, wakongwe wawili weusi wa chama kimoja, ilibidi wapambane katika mchujo wa 2023, na Lucas akashinda. Waliolalamika kwamba uzoefu wa miaka unatupwa hawakuwa wanalia bure, maana mji wenye mbunge mkongwe hupata barabara na fedha ambazo mgeni hawezi kuzipigania vilevile. Kulikuwa pia na hofu kwamba kupunguza wingi wa watu weusi katika maeneo yaliyojazwa kungewanyima viti. Hofu hiyo haikutimia kama ilivyotabiriwa: Januari 2024, chini ya ramani mpya, Don Scott wa Portsmouth akawa spika wa kwanza mweusi katika historia ya baraza hilo.

Kuhusu kama ramani inampendelea mtu, ushahidi mzuri kuliko wa makaratasi ni jinsi viti vinavyoyumba. Mwaka 2023 ramani ya wataalamu iliwapa Wademokrat 51 kwa 49. Mwaka 2025, mistari ikiwa ileile, iliwapa 64. Hii ni ramani inayowasikia wapiga kura wanapobadili mawazo. Mtu wa upande wa pili atanikumbusha kwamba hata ramani ya 2011 iliruhusu Wademokrat kuruka kutoka viti 34 hadi 49 mwaka 2017, kwa hiyo haikuwa ukuta. Ni kweli. Lakini katika mwaka huo mzuri kiasi hicho, uliowapa zaidi ya nusu ya kura zote za wajumbe, bado waliishia upande mbaya wa bakuli. Ukuta wenye ufa bado ni ukuta.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo haimfurahishi mwanasiasa wala profesa, ndiyo maana husimuliwa kidogo. Mwezi Mei 2018 gazeti la Washington Post liliripoti kwamba wapiga kura 26 waliostahili kupiga kura katika eneo la 94 walipewa karatasi za eneo jingine, kwa sababu anwani zao ziliingizwa vibaya kwenye orodha. Mtaa wao ulikuwa na watu weusi wengi na uliegemea sana Democratic. Watu 26, katika uchaguzi ulioishia kwa sare! Kaskazini mwa jimbo, katika eneo la 28 karibu na Fredericksburg, waliopewa karatasi zisizo zao walikuwa 147, na Mrepublican Bob Thomas alishinda kwa kura 73. Jaji wa shirikisho alikataa kuamuru uchaguzi urudiwe.

Makosa kama haya hayaji yenyewe. Kadiri mpaka unavyojikunja na kukata mtaa vipande, ndivyo karani wa ofisi ya uandikishaji anavyolazimika kuamua nyumba kwa nyumba nani yuko upande gani. Mpaka unaofuata barabara kubwa au mto huwekwa kwenye mfumo bila taabu, ila unaofuata rangi za watu au kumbukumbu za chama hupita katikati ya mitaa. Mtaalamu anaweza kuchora ramani ya haki kabisa na ikaharibiwa na karani aliyechoka. Kwa maoni yangu fedha nyingi zilizotumika kwa wanasheria tangu 2011, hata sehemu yake ndogo, zingefaa zaidi kukagua orodha hizo, lakini kesi hupata waandishi wa habari na orodha haipati.

Bahati nasibu yenyewe sina ugomvi nayo. Watu wengi walicheka bakuli, wakadai uchaguzi wa marudio, ambao ungekuwa na gharama na ungeleta wapiga kura tofauti na wa Novemba. Hata baraza lililotokana na bakuli halikuwa bure. Mwaka 2018, likiwa na wingi wa viti viwili tu, lilipitisha upanuzi wa bima ya afya ya Medicaid kwa takriban watu 400,000 wa kipato cha chini, baada ya Warepublican 19 kuungana na Wademokrat wote. Viti vilipokuwa 66 kwa 34, jambo hilo lilikuwa likikwama mwaka hadi mwaka.

Vita ya kalamu haijaisha. Agosti 2025 Texas, kwa shinikizo la Rais Donald Trump, ilichora upya ramani yake ya maeneo ya Congress, yaani bunge la taifa, katikati ya muongo ili kuongeza viti vya Warepublican. Oktoba mwaka huohuo Wademokrat wa Virginia walianza kupitisha marekebisho ya katiba ya kuwawezesha kujibu kwa silaha ileile, wakiizunguka tume ambayo wananchi waliipigia kura miaka mitano kabla. Hoja yao kwamba huwezi kuvua ngao peke yako uwanjani ina mantiki, na vilevile ya wapinzani wao, kwamba theluthi mbili ya wapiga kura hawakusema "tume, mpaka tutakapoichoka." Mimi naelemea upande wa wapinzani, japo si kwa furaha. Pendekezo hilo lilikuwa la viti vya Washington peke yake. Maeneo bunge ya jimbo hayakuguswa, na wa Newport News waliozoea namba 70 wataendelea nayo hadi takwimu za sensa ya 2030 zitakapotoka, labda mahakama iingilie tena.