Hori moja, hesabu moja

Kila mjadala wa ufugaji wa chaza na kome ndani ya hifadhi huangukia palepale: waruhusiwe au wakatazwe? Kwangu swali hilo linakuja mapema mno. Kabla hatujabishana nani apewe leseni, tujue kwanza hori lenyewe, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, lina chakula cha kulisha chaza wangapi.

Chaza halishwi na mfugaji. Anakula vijimea visivyoonekana kwa macho, anavyovichuja kwenye maji yanayopita, na maji hayo ndiyo yanayowalisha kombe wa mchangani ambao nao huliwa na ndege. Mfugaji hanunui chakula kwa gunia, kwa hiyo hapati bili ya kumwambia kwamba amezidisha.

Ndiyo maana napinga utaratibu wa kukagua shamba mojamoja. Mkaguzi anafika, anaangalia eneo alilopewa, haoni madhara, anatia sahihi. Baadaye anakaguliwa jirani, naye hana madhara. Mashamba ishirini ya namna hiyo yanaweza kabisa kulielemea hori, hasa lenye mdomo mwembamba ambalo maji yake hukaa ndani muda mrefu kabla ya kutoka. Vya kupimwa ni vitu vitatu kwa pamoja: maji ya hori hubadilika kwa siku ngapi, chaza wote waliomo wangemaliza kuyachuja kwa siku ngapi, na vijimea huzaliana kwa siku ngapi. Chaza wakiyamaliza maji kabla bahari haijaleta mengine na kabla vijimea havijaongezeka, hapo pamezidi, hata kama kila leseni ni halali.

Ufaransa walijifunza hili kwa hasara. Katika ghuba ya Marennes-Oléron, wafugaji walizidi kuongeza chaza wa Kireno, na kadiri walivyoongeza ndivyo chaza walivyochelewa kukua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa wa virusi ukawafagia chaza hao, ikabidi waletwe wa aina nyingine kutoka Japani na Kanada. Simlaumu mfugaji yeyote hapo. Mtu anaweza kupiga hesabu sahihi kabisa ya shamba lake, na hesabu ya ghuba nzima ikabaki bila mwenyewe.

Kwa hiyo ukomo uwe wa hori zima, utangazwe kabla ya leseni ya kwanza, kisha ugawanywe. Na uwe ukomo unaoweza kuhesabika. Galicia, Hispania, chelezo la kome, yaani jukwaa linaloelea ambalo kome huning'inizwa chini yake kwa kamba, haliruhusiwi kuzidi kamba 500, wala kamba kuzidi mita 12. Sheria ya namna hii naipenda sana, maana mtu mwenye mashua anaweza kwenda kuhakikisha bila kungoja maabara. Ningeongeza kipimo kingine rahisi: kila mwezi wachukuliwe chaza wa rika moja, wengine kutoka mdomoni mwa hori na wengine kutoka ndani kabisa, wafunguliwe na nyama yao ipimwe. Wa mdomoni wakiwa wamejaa huku wa ndani ni maji matupu kwenye gamba, dalili ni kwamba chakula kinaishia njiani. Hapo wote wapunguze kwa sehemu ileile, mkubwa na mdogo.

Kuhusu ndege, nasimama na uamuzi wa Mahakama ya Ulaya wa tarehe 7 Septemba 2004, katika kesi ya uvunaji wa kombe kwa mashine kwenye Bahari ya Wadden, Uholanzi. Mahakama ilisema mamlaka iruhusu shughuli kama hiyo pale tu ambapo hakuna shaka ya msingi ya kisayansi kwamba haitadhuru eneo linalohifadhiwa. Wapo wanaoona kigezo hicho kinawaua wafugaji. Sioni hivyo. Kuvuna kwa kukwangua chini ya bahari na kufuga kwenye vichanja si jambo moja, na shaka nyingi huondoka ukianza na wachache, ukapima, ndipo ukaongeza.

Lakini mfugaji naye ana haki ya kudai. Ghuba ya Arcachon, mwishoni mwa miaka ya 1970, mbegu za chaza zilikosekana na magamba yakaharibika: yalivimba, yakafanya tabaka na vifuko vyenye utandoutando kama jeli, huku nyama ndani ikiwa kidogo. Chanzo kilikuwa rangi yenye bati iliyopakwa chini ya boti ili viumbe wasigande. Mwaka 1982 Ufaransa ikaipiga marufuku kwa boti zenye urefu chini ya mita 25, na mbegu zikarudi. Mamlaka inayomhesabia mfugaji kamba zake lakini haina nguvu juu ya boti, maji taka na mbolea inayoteremka na mto, hailisimamii hori. Inamsimamia mtu mmoja tu.

Bado kuna suala la mwisho wa leseni, ambalo watu hulikwepa. Drakes Estero, California, ruhusa ya miaka 40 ya shamba la chaza ndani ya hifadhi ya taifa ilifika ukomo mwaka 2012 na haikuongezwa. Ikafuata kesi, jamii ikagawanyika vibaya, shamba likafungwa mwishoni mwa 2014, na kazi ya kung'oa vichanja ikabaki kwa serikali. Uamuzi wenyewe watu wataendelea kuubishania. Mimi nasikitika zaidi kwamba wafanyakazi waliishi miaka mingi bila kujua kama kesho kuna kazi. Leseni iseme wazi tangu siku ya kwanza inaisha lini, itaongezwa kwa masharti gani, na dhamana ya kuondolea vifaa iwekwe benki kabla kichanja cha kwanza hakijaingia majini.