Salama Mama, Isipokuwa Chuma

Alfajiri ambayo mama mkwe wangu alinikuta nimelala chali uani, kifua wazi, bomba la chuma limenikalia tumboni, nilikuwa mtu mwenye msimamo thabiti kwamba mazoezi ni jambo la mtu mmoja. Msimamo huo ulikuwa na umri wa siku tatu. Naandika mkasa huu kwa mkono wangu kwa sababu hapa mtaani kwetu Mbagala unasimuliwa kwa namna mbili tofauti, na katika zote mbili ninalia, jambo ambalo si kweli, kwani yale yalikuwa jasho.

Chanzo chake ni shinikizo la damu. Daktari alinifunga mkanda mkononi, akaujaza upepo, akakitazama kitambi changu kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama mashine, kisha akaniuliza ninafanya kazi gani. Nilipomjibu kuwa mimi ni karani, aliitikia kwa kichwa kana kwamba nimemtajia ugonjwa wenyewe. Akanieleza kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima: walau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuhemesha kidogo, na walau siku mbili za mazoezi ya kutia misuli nguvu. Dakika 150 nilizikubali mara moja, kwa kuwa foleni ya daladala peke yake inanihemesha zaidi ya hapo. Habari ya misuli ndiyo iliyonipeleka kwa shemeji.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu, kijana mwembamba kama ufito, anayeishi katika chumba cha uani na mwenye maoni kuhusu kila kitu. Yeye ndiye aliyesema kwamba jimu ni ya watu wanaotupa fedha, na kwamba chuma cha kunyanyua hutengenezwa nyumbani. Tulitafuta ndoo mbili za rangi za lita 10, tukachanganya saruji, mchanga na kokoto, tukazijaza mpaka ukingoni, tukasimamisha bomba la chuma katikati ya ndoo ya kwanza, na zege ilipokauka tukaligeuza na kulisimika katika ya pili. Tukachimbia panda mbili za mwarobaini ardhini ili zishike bomba, na benchi la mke wangu la kuuzia maandazi likawekwa katikati. Uzito niliukadiria mimi, kwa kuwa ndimi msomi wa nyumba: lita moja ni kilo moja, lita 10 ni kilo 10, ndoo mbili ni kilo 20. Hesabu hiyo niliiandika kwa chaki ukutani, nikaipigia mstari.

Kwa wiki sita tulifanya mazoezi pamoja, na nitakuwa mkweli kuhusu wiki hizo. Kuamka kulikuwa rahisi, kwa sababu shemeji aligonga dirisha saa kumi na moja na nusu bila huruma, na mtu akigongewa dirisha na shemeji yake hawezi kujifanya amekufa. Lakini baada ya hapo kero zilianza. Shemeji alikuwa na tabia ya kuhesabu kwa ajili yangu, na hesabu yake haikuwa ile tunayofundishwa shuleni. Ilikwenda vizuri mpaka saba, kisha ikafika nane, halafu nane tena, halafu “nane hiyo hukuishusha vizuri,” halafu nane ya nne, mpaka mikono inatetemeka kama majani ya mpapai ndipo anapokumbuka kwamba baada ya nane kuna tisa. Tena kila tulipomaliza alidai kwamba misuli haijengwi na upepo, tukaelekea kwa muuza supu ya kongoro, chapati mbili kila mmoja, na aliyelipa ni yule mwenye mshahara. Baada ya wiki sita za mazoezi mkanda wangu wa suruali ulikuwa umesogea tundu moja, kuelekea upande ambao daktari hakuukusudia.

Kilichonikera zaidi ni mikono yake. Nilipolala benchini kunyanyua chuma, yeye alisimama kichwani pangu na kulishika bomba kwa vidole, akisema, “Nakugusia tu, shemeji, nguvu ni zako.” Zamu yake ilipofika, nami nilimgusia vivyo hivyo, nikahisi uzito mkubwa mikononi mwangu, nikamhurumia kijana wa watu kwa unyonge wake.

Siku tulipogombana, mabishano hayakuwa juu ya supu wala nane, yalihusu riadha. Nilimwambia kwamba mwanamume wa kweli hukimbia peke yake, nikamtolea mfano wa Filbert Bayi, Mtanzania mwenzetu, ambaye tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, New Zealand, alishika uongozi tangu mwanzo wa mbio za mita 1,500, akawaacha wenziwe nyuma, na akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16 bila kumsubiri mtu amvute. Shemeji alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo lingepaswa kunitahadharisha. Kisha akasema kwamba Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni chini ya saa mbili kule Vienna mwaka 2019, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alikuwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumkingia upepo na kumshikia kasi, na kwamba hata Bayi wangu hakuwa peke yake, kwa sababu John Walker wa New Zealand alikuwa anamhemea kisogoni mpaka kwenye utepe. Sikuwa na jibu, na mtu asiye na jibu husema neno baya. Nilimwambia kwamba kuanzia kesho nitanyanyua chuma bila mzigo wa ziada. Alielewa mzigo ni nani. Akanuna, nami nikanuna, na siku mbili zilizofuata nilitimiza msimamo wangu mpya kwa kulala mpaka saa moja, maana dirisha halikugongwa.

Siku ya tatu niliamka. Nyota zilikuwa bado hazijaisha, uani kumetulia, jogoo wa jirani ndiye shahidi pekee. Nilivua fulana, kwa kuwa mtu akiwa peke yake ana haki hiyo, nikalala benchini, nikalishika bomba, nikavuta pumzi na kulitoa kwenye panda.

Naomba msomaji aelewe kwamba halikuanguka. Lingeanguka ningekuwa na cha kujitetea. Liliteremka taratibu, kwa heshima, kama mgeni anayekaribishwa kiti, na mikono yangu ikalisindikiza njia nzima bila kulizuia hata kidogo, likafika kifuani na kukaa. Nikasukuma. Nikasukuma tena, nikatoa mlio ambao jogoo aliujibu. Nikasikia mbavu zikiongea zenyewe kwa zenyewe.

Nilijaribu kuliinamisha upande mmoja ili ndoo zichomoke, nikakumbuka kwamba tulizisimika kwa zege ili zisichomoke, na kwamba kazi hiyo niliisimamia mwenyewe kwa majivuno. Nikajaribu kuliviringisha kuelekea miguuni, na hapo palikuwa na matumaini, kwani lilitembea, likatoka kifuani, likavuka mbavu, likaingia katika bonde lililopo kabla ya kitambi, likasimama. Kile kilima nilichokuwa nakifanyia mazoezi ili kiondoke ndicho kilichonizibia njia. Kupiga kelele nako kulikuwa na hatari zake: mke wangu alilala na feni inayonguruma kama trekta, na Mbagala mtu akipiga kelele uani alfajiri, majirani hufika na marungu kwanza na maswali baadaye.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguliwa, na mama mkwe akatoka na kopo la maji ya kutawadhia. Alikuwa amekuja kutoka Pangani kututembelea wiki moja. Alipoona kuna mkwe wake amelala kifua wazi, aligeuza uso upande wa mpapai, kama adabu inavyomtaka, na akaendelea kuutazama huo mpapai muda wote wa mazungumzo yetu.

“Shikamoo mama,” nikasema, kwa sauti ya mtu aliye ndani ya gunia.

“Marahaba mwanangu. Umeamkaje?”

“Salama, mama.”

“Wajukuu hawajambo?”

“Hawajambo.”

“Na kifua? Jana nilikusikia unakohoa.”

“Kifua... kina nafuu sasa.”

“Alhamdulillahi.”

Wako watakaouliza kwa nini sikusema. Wanaouliza hivyo hawajalelewa pwani. Salamu zetu hazina mlango wa kumpitisha mtu aliyelaliwa na chuma. Lazima kwanza uwe salama, na watoto wawe salama, na nyumbani kuwe salama, ndipo useme “isipokuwa” na kuleta shida yako. Hata mgonjwa aliyelazwa hospitali, mguu umening'inizwa kwa kamba, ukimuuliza hujambo atakujibu hajambo, mguu tu. Mimi nilikuwa nafuata utaratibu huo huo kwa haraka niwezavyo, huku pumzi zikinihesabikia, na nilipofika penye “Isipokuwa, mama,” alikuwa amekwisha kutawadha na yuko mlangoni. “Endelea kujinyoosha, mwanangu,” akasema. “Niwahi swala, tutazungumza.”

Mama mkwe haharakishi swala, na baada ya swala ana dua za watu wote wa Pangani, walio hai na waliotangulia.

Aliyetokea katikati ya dua hizo ni shemeji, mswaki mdomoni, povu hadi kidevuni. Alisimama. Akanitazama, akalitazama bomba, akautazama ukuta wenye hesabu yangu ya chaki. Hatukuwa tumesemezana kwa siku tatu.

“Shemeji,” nikasema.

“Naam.”

“Chuma.”

“Nakiona.” Akatema povu. “Nilidhani Bayi hagusiwi.”

Nilimwomba radhi. Sitaandika maneno yenyewe, ila yalikuwa mengi kuliko pumzi nilizokuwa nazo, na yalihusisha supu ya mwezi mzima. Akaja, akashika bomba katikati, akavuta. Halikunyanyuka. Akabadili miguu, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na bomba likainuka upana wa kidole na kurudi pale pale kwenye bonde lake. Tulitazamana. Nadhani ni wakati huo ambapo sisi sote wawili tulianza kuelewa jambo fulani, kila mmoja kwa aibu yake.

Mama mkwe alitoka akiwa bado na vazi la swala, akauliza kwa nini wanawe wanahema hivyo. Safari hii aliangalia. Hakupiga yowe wala hakuuliza lolote. Alikunja mikono ya vazi lake, akamwamuru mwanawe ashike ndoo ya kulia, yeye akaikumbatia ya kushoto, akasema “Bismillahi,” akainuka nayo kwa magoti kama alivyoinuka na ndoo za maji ya kisima miaka yote ya ujana wake. Upande wake ulikuwa hewani kabla shemeji hajajipanga. Nikateleza kutoka benchini kama samaki anayerudishwa baharini.

Kitu cha kwanza alichofanya baadaye ni kunitupia khanga nijifunike. Nikatazama maandishi yake kwa hofu, maana khanga haikosi neno la kumwambia mtu aliyeumbuka, nikakuta yamefifia kwa kufuliwa, hayasomeki. Nilishukuru sana.

Mchana mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita na mzani wake, tulilitundika lile dude, akasoma kilo 53, akauliza tunauza. Fundi mwashi wa jirani alicheka mpaka akakaa chini alipoiona hesabu yangu ukutani. Akanieleza kwamba zege si maji, kwamba mita moja ya ujazo wa zege ina uzito wa kama kilo 2,400 wakati maji ni kilo 1,000, hivyo kila ndoo yangu ya lita 10 ilikuwa na kilo 24, na tano zilizobaki ni za bomba. Maana yake ni kwamba kwa wiki sita mimi na shemeji tulikuwa tumegawana uzito ule nusu kwa nusu kila asubuhi, kila mmoja akiamini anamgusia mwenziwe. Hadi leo tunabishana ni nani aliyebeba nusu kubwa.

Sasa tuna chuma kipya cha makopo ya lita 4, na ukutani uzito umeandikwa na fundi mwenyewe. Mama mkwe ameahirisha safari ya Pangani mara mbili. Kila alfajiri baada ya swala huketi kwenye mkeka na sinia ya mchele, akichambua huku anatuhesabia, na yeye hana nane ya pili wala ya tatu. Supu ameifuta, tunakunywa uji. Kila mzunguko mmoja ukiisha huweka pembeni kijiwe kimoja alichokitoa kwenye mchele. Jana nilipoinuka niliona vijiwe vinne, ilhali mikono yangu ilikuwa na hakika kwamba tumekwisha kufanya mizunguko mitano. Akaniuliza kama ninaendeleaje.

“Salama, mama,” nikasema, nikalala tena benchini.