Usiku wa Kati Ndio Mtihani

Kampuni ndogo ya mieleka ikitangaza sherehe ya kutimiza miaka, siku mbili tatu mfululizo, mashabiki wote hukimbilia swali moja: nani anapigania mkanda wa ubingwa siku ya kufunga? Mimi hutafuta ratiba ya usiku wa kati. Usiku wa kwanza hautaki fundi. Watu wametoka mbali, wamekutana na wenzao ambao hawajaonana tangu mwaka jana, koo bado zina sauti. Hata refa akiingia ulingoni peke yake atashangiliwa. Usiku wa mwisho nao unajibeba, kwa sababu mkanda upo na kila kilichofichwa lazima kitoke. Ni huku katikati ambako mpangaji wa mechi huumbuka, au hung'ara.

Mtu wa Lamu haelezwi sana jambo hili. Harusi zetu za asili hazikuwa za siku moja, Maulidi ya Riyadha hushika siku kadhaa, na Tamasha la Utamaduni, ambalo aghalabu huwa Novemba, hukata siku tatu nne. Tumezaliwa ndani ya shughuli ndefu. Tunaijua ile siku ambayo wageni wamechomwa na jua vya kutosha, wenyeji wameanza kukumbuka biashara zao, na mpiga zumari ndiye anayetegemewa kuwarudisha watu uwanjani Mkunguni. Akiwa na pumzi, watu watatoka vichochoroni mmoja mmoja mpaka uwanja ujae. Akipwaya, hata mashindano ya punda ya kesho yake yatapata watazamaji waliokwisha kuchoka.

Na kabla hatujafika mbali: ndiyo, mshindi katika mieleka ya kulipwa hupangwa. Barazani kwetu Langoni naulizwa hilo kila simu yangu inapotoa kelele za ukumbi. "Kijana, hawa si wameshaambizana?" Wameambizana, mzee wangu. Nami humrudishia swali: na wale wa kirumbizi je? Wawili wanaingia duarani na fimbo zao, ngoma na zumari zinawaongoza, wanazungukana, mmoja anashusha, mwenziwe anakinga. Hakuna anayetaka kumvunja mwenzake mkono. Lakini kidole kikikutana na fimbo huvimba vilevile, na mchezaji mwoga hujulikana kabla hajainua mkono. Sijamsikia mtu akitoka pale analalamika kwamba amedanganywa. Watu wanahukumu miguu, macho, ujasiri, na namna mmoja anavyompa mwenziwe nafasi ya kupendeza. Mieleka nayo huhukumiwa hivyo hivyo na anayejua anachokitazama. Mzee hunijibu kwamba kirumbizi kina heshima, na hawa wa kwenye simu wamevaa chupi. Hapo huwa sina hoja.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa zamani kidogo. Kampuni ya Ring of Honor ya Marekani ilifanya onyesho lake la kwanza tarehe 23 Februari 2002 mjini Philadelphia, katika ukumbi wa michezo wa mtaani, na mechi kuu ikawakutanisha watatu: Low Ki, Christopher Daniels na Bryan Danielson. Ilizaliwa kwa sababu ya kibiashara kabisa. Kampuni ya mieleka ya ECW ilipokufa mwaka 2001, waliokuwa wakiuza kanda zake za video walibaki hawana kanda mpya za kuuza, wakaamua kutengeneza mieleka yao wenyewe. Ilipotimiza miaka mitano, mwaka 2007, haikuridhika na usiku mmoja wa keki. Ilifanya maonyesho sita: New York na Philadelphia wikendi moja, Dayton na Chicago wikendi iliyofuata, kisha ikavuka bahari hadi Liverpool kwa siku mbili mwanzoni mwa Machi.

Sasa tazama palipowekwa jambo kubwa. Bingwa alikuwa Homicide, mtoto wa Brooklyn, aliyeuhangaikia mkanda ule kwa miaka. Alikuwa ameapa kuihama kampuni iwapo mwaka 2006 ungemalizika hajaushika, na akaunyakua tarehe 23 Desemba kutoka kwa Bryan Danielson, pale pale New York, mbele ya watu wake. Hadithi kama hiyo mpangaji wa kawaida angeikamua mwaka mzima. Angalau angemwacha Homicide azunguke na mkanda sherehe nzima, aufikishe Liverpool. Gabe Sapolsky, ndiye aliyekuwa akipanga mechi siku hizo, alimvua usiku wa pili. Philadelphia, 17 Februari: Takeshi Morishima, pande la mtu kutoka kampuni ya NOAH ya Japani, alimlaza stelingi wetu chini kabla ubingwa wake haujatimiza miezi miwili.

Nimebishana na watu juu ya hili na sijabadili msimamo: hakuna sherehe ya kampuni ndogo iliyopangwa kwa akili zaidi ya hiyo. Lingefanyika usiku wa kwanza, nyumbani kwa Homicide, ukumbi ungegeuka msiba na sherehe ingeanza kwa kinyongo. Lingengojwa usiku wa mwisho, kila mtu angekuwa amekwisha jiandaa. Siku ya kufunga mashabiki huja na silaha, wanatarajia mkanda ubadilishe mikono, hata ukibadilika wanashangilia huku wakiangaliana kama wanaosema si nilikwambia. Usiku wa pili hakuna aliyejiandaa. Na tazama lilichofanya kwa siku nne zilizobaki. Dayton haikuwa tena kituo cha njiani. Chicago ikapata bingwa mgeni, mzito, mwenye makofi ya kuangusha mnazi, ambaye hakuna aliyejua atang'olewa vipi wala na nani. Jibu lilichelewa mpaka Oktoba, Nigel McGuinness alipompokonya.

Kulikuwa na uzi wa pili uliozishona siku zile. Samoa Joe, aliyeushikilia mkanda huo miezi 21, tangu Machi 2003 hadi Desemba 2004, alikuwa anaiaga kampuni. Kila mji ulijua ndiyo mara yake ya mwisho kumwona hapo. Usiku wa kufunga, Liverpool, akapambana na Homicide. Yaani yule yule aliyevuliwa mkanda usiku wa pili ndiye aliyepewa kazi ya kumsindikiza Joe usiku wa sita. Hakutupwa pembeni. Mkanda haukuhitajika pale, na hakuna aliyeuulizia.

Suala hilo la aliyeshindwa ndilo linalonifanya niyapende mashindano ya kampuni ya wXw kule Oberhausen, Ujerumani. Hayo si sherehe ya kuzaliwa, ni 16 Carat Gold, mtoano wa watu 16 ulioanza mwaka 2006 na ambao hufanyika kwa siku tatu, lakini yana funzo lile lile. Baada ya usiku wa kwanza wamebaki wanane. Baada ya wa pili wamebaki wanne. Hesabu nyepesi: usiku wa pili mechi za mtoano ni nne tu, na huko nyuma ya pazia wamekaa watu wanane waliotolewa jana, wengine wamesafirishwa kwa ndege kutoka bara jingine. Unawafanyia nini? Kampuni mvivu huwarundika wote kwenye mechi moja ya fujo, wanane ndani ya ulingo, kila mtu anaruka mara moja na kwenda kuoga. Kampuni yenye akili humchukua mmoja aliyepoteza jana kwa aibu, ikampa mpinzani anayemfaa, ikaanza hapo ugomvi utakaolipa mwaka mzima. Mshindi wa mashindano mtu humkumbuka kwa mwaka mmoja. Ugomvi ulioanzia usiku wa pili huweza kuitunza kampuni miaka mitatu.

(Wajerumani wana sifa nyingine kwetu: wakianza jioni kwao, huku ni usiku wa kawaida tu, mtu amekula na ametulia. Onyesho la Philadelphia la saa mbili usiku, wakati wao wa baridi, linatuanzia saa kumi alfajiri. Mwadhini hukuta mechi ya tatu.)

Wingi huu wa siku hauletwi na mapenzi peke yake. Ukimwita mwanamieleka kutoka Japani au Mexico, tiketi ya ndege ni ile ile apigane mara moja au mara tatu. Ulingo ni boriti za chuma, mbao juu yake, tabaka jembamba la sponji na turubai lililovutwa. Kuubeba, kuufunga na kuufungua ni kazi ya watu na ya gari, na ukikaa mahali pamoja siku tatu gharama hiyo unaibeba mara moja. Nani asingefanya? Ila faida hiyo ina meno. Anayekuja siku zote tatu hanunui fulana ile ile mara tatu, na mwanamieleka wa kampuni ndogo hutegemea sana ile meza ya fulana na picha anayosimama nyuma yake mapumziko yakifika. Halafu mtu yule yule ameketi kiti kile kile. Ujanja uliomtoa machozi jana, ukiurudia leo anaguna. Huwezi kummalizia mechi kuu siku mbili mfululizo kwa mtu kuingilia kati na kiti cha chuma, ukadhani hajaona.

Na miili nayo. Kuna wanaoamini kwamba kwa kuwa mshindi hupangwa, basi na maumivu hupangwa. Tazameni vifua. Kofi la kifua halina siri: ni kiganja kwenye ngozi, kwa nguvu, tena na tena, na ukumbi unahesabu. Usiku wa kwanza kifua kinatoka chekundu, michirizi ya vidole inaonekana kabisa. Usiku wa pili yule yule anavua koti, na kamera ikisogea unaona damu imevilia chini ya ngozi, zambarau pembeni na karibu na kwapa. Mpinzani wake anaiona pia. Anafanyaje? Wapo wanaohamia mgongoni kwa huruma. Wapo wanaompiga pale pale, na yeye anakubali kwa kichwa kwamba apigwe. Mechi ya usiku wa kati yenye jambo kama hilo haihitaji mkanda wala fataki, kwa sababu ya jana imeingia ndani ya ya leo bila mtangazaji kueleza kitu. Hiki hakipatikani katika onyesho la usiku mmoja, hata liwe kubwa namna gani. All In ya Septemba 2018 karibu na Chicago ilijaza watu 11,263 kwa pesa za wanamieleka wenyewe, Cody Rhodes na ndugu wawili waitwao Young Bucks, na nilifurahi kama wengine. Lakini ilikuwa ya usiku mmoja: kila mtu alikuja mzima na hakuna aliyebeba alama ya jana.

Kumbi ndogo zinasaidia kuyaona haya. Kampuni ya Pro Wrestling Guerrilla ilijijengea jina katika ukumbi wa wanajeshi wastaafu wa Reseda, California, mahali pa watu mia chache, joto la kiangazi limefungiwa ndani, mashabiki wamekaribia ulingo kiasi cha kurushiwa jasho. Mashindano yao ya Battle of Los Angeles mara nyingi yalikuwa ya siku mbili au tatu. Nikitazama kanda zile za video huwa najiuliza ingekuwaje huku kwetu. Joto tunalo. Ulingo ungepakiwa mashua Mokowe, upande wa bara, boriti kwa boriti, ushushwe gatini na mikokoteni iupeleke mpaka uwanjani. Mabaharia wangedai hela ya ziada kwa sababu ya mbao, na wangekuwa na haki.

Lililoniudhi katika sherehe nyingi za miaka ya karibuni si ukosefu wa vipaji. Ni kwamba usiku wa pili umefanywa ghala. Kila kisichoenea siku ya kwanza na kisichostahili siku ya tatu kinasukumwa huko, mpaka onyesho linafikisha urefu wa saa nne, mechi kumi na moja, tano kati yake zikiwa za watu sita sita wanaorukiana nje ya kamba kwa foleni. Mechi kuu ikiingia, ukumbi umekwisha sauti na anayetazama kutoka Lamu amekwisha kunywa chai. Wanaiita zawadi kwa mashabiki. Zawadi gani inayompa mtu usingizi?

Nipeni usiku wa pili wa mechi sita, saba zikizidi. Mmoja wa waliopoteza jana apate mechi ya maana. Na jambo moja kubwa, ambalo mngeliweka siku ya kufunga, lifanyike hapo bila kutangazwa. Hotuba ya mwenye kampuni ya kuwashukuru mafundi, wazazi na wadhamini wote iwekwe usiku wa kwanza, tungali tuna subira.