Daraja la Kwanza kwa Nyumba ya Miti

Waambie watu wa mjini kwetu kwamba unataka kujenga nyumba ya miti na udongo, watadhani umefilisika. Nyumba ya namna hiyo tumeipa kila jina la dharau: ya tope, ya muda, ya kimaskini. Mtu akipata visenti vya kwanza anaibomoa na kuagiza lori la tofali za saruji. Mimi naona tumeidhulumu, na shahidi wangu yuko mbali kidogo: Ludlow, mji mdogo wa mkoa wa Shropshire, magharibi ya Uingereza karibu na mpaka wa Wales. Hapo pana nyumba ya mifupa ya miti iliyowekwa kwenye daraja la kwanza la majengo yanayolindwa kisheria, daraja moja na makanisa makuu na makasri ya wafalme.

Inaitwa The Feathers. Ilijengwa mwaka 1619 na wakili mmoja, Rees Jones, mtu wa Pembrokeshire aliyefuata riziki Ludlow. Enzi hizo ndiko lilikokaa Baraza la Wales na nchi za mpakani, chombo cha mfalme kilichotawala na kusikiliza kesi za eneo lote lile. Penye mahakama hapakosi mawakili, na kesi zilipokuwa nyingi kiasi hicho hapakukosekana pesa pia. Jones alizimwaga zake kwenye uso wa nyumba. Mlango wake wa mbele ni mbao nzito iliyopigiliwa misumari ya chuma zaidi ya 350, na kwenye bamba la kitasa zimechorwa herufi za jina lake, R na I (siku hizo I na J zilikuwa herufi moja). Mtu wa Unguja au Lamu akisimama pale hahitaji mkalimani. Mlango unakuambia mwenye nyumba ni nani kabla hujabisha hodi.

Tazama juu ya mlango. Ghorofa imejitokeza mbele ya ile ya chini, na paa limeishia kwa pembetatu tatu zinazotazama barabara. Katikati ya nguzo na boriti kumejazwa vipande vya mbao vilivyokatwa umbo la almasi, safu kwa safu, na manyoya ya mbuni yamechongwa humo. Manyoya hayo ni alama ya Prince of Wales, cheo cha mrithi wa kiti cha mfalme wa Uingereza, alichokuwa amepewa Charles, mwana wa mfalme wa siku hizo, mwaka 1616, na ndiyo yaliyoipa nyumba jina. Zile almasi nyingi hazibebi uzito wowote wa maana. Ungeziondoa, nyumba ingebaki imesimama. Ziliwekwa ili jirani ahesabu mbao, apige hesabu ya bei, kisha alale na wivu wake. Ndani kuna chumba chenye dari ya plasta iliyofinyangwa kwa mapambo, na juu ya meko kuna nembo ya Mfalme James wa Kwanza. Wakili alijua anayemlisha.

Sasa tuvue hayo mapambo, maana chini yake ndiko kuna hoja yangu.

Nyumba za aina hii hazijengwi kwa kupandisha ukuta kozi baada ya kozi. Seremala alikata mwaloni, mti mgumu wa huko, ungali mbichi, kwa sababu mwaloni ukikauka ni mgumu mno kwa shoka na patasi. Alichonga vipande vyote uwanjani kwake, akavilaza chini na kuviunganisha kwa majaribio, akavitia alama za I, II, III, IIII kwa ncha ya chuma, kisha akavifungua vyote. Vikapelekwa kiwanjani na kusimamishwa upya, kila alama na mwenzake. Alama hizo zinaonekana mpaka leo kwenye nyumba nyingi, na mimi huzitafuta kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Viungo vyake havishikwi na msumari wa chuma. Ncha ya boriti inachongwa ulimi, ulimi unaingia kwenye tundu la nguzo, halafu kigingi cha mti kinapigwa kupitia vyote viwili. Ujanja wote uko kwenye kigingi hicho. Fundi alitoboa tundu la kigingi kwenye ulimi likiwa limesogea kidogo tu kulielekea bega la boriti, pale ulimi unapoanzia, lisilingane sawasawa na tundu la kigingi kwenye nguzo. Kigingi kinapopenya pale kwa nguvu, kinauvuta ulimi ndani mpaka kiungo kikabane. Mti ukianza kukauka unajikunja na kusinyaa, na kile kiungo kinazidi kushika. Nguzo nazo haziketi ardhini. Zinasimama juu ya boriti ya chini, na boriti hiyo imelazwa juu ya msingi wa mawe ili unyevu wa ardhi usiufikie mti. Paa linatoka nje ya ukuta ili mvua idondoke mbali. Ghorofa iliyojitokeza inaongeza nafasi na kuukinga ukuta wa chini, ingawa mimi nahisi sababu kubwa ilikuwa kujishaua.

Kilichobaki ni kujaza. Kati ya nguzo zilisimamishwa fito, zikasukwa kwa vijiti vyembamba vinavyopindika, kisha pakakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, juu yake ikapakwa chokaa. Mtu yeyote aliyekulia kijijini kwetu anaijua kazi hiyo kwa mikono yake. Ni kweli kwamba katika nyumba nyingi za Uingereza udongo wa mwanzo umeshabadilishwa hapa kwa matofali, pale kwa lipu, lakini mifupa ni ile ile, na asili ya ukuta ni fito na udongo.

Najua swali linalokuja: na mchwa je? Ni swali la haki. Uingereza haina mchwa wa kwetu, na moyo wa mwaloni ni mgumu kwa wadudu wengi. Lakini pwani yetu nayo ina mti wake. Boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu zilipakiwa majahazini kwa karne nyingi kwenda Oman na Ghuba, na hakuna aliyezinunua kwa huruma. Vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe ni vyembamba, kama mita 2.5 hadi 3, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti. Shida ya nyumba zetu nyingi za udongo ni kwamba tunachimbia nguzo moja kwa moja ardhini, hatuweki msingi wa mawe, paa tunalikata fupi, halafu nyumba ikilala baada ya miaka kumi tunalaumu udongo.

Hapo ndipo saruji inapoingia kama mkombozi. Joseph Aspdin alipata hataza ya saruji aliyoiita Portland mwaka 1824 kule Leeds, na katika karne ya 20 Waingereza wengi waliitumia kuziba nyumba zao za miti wakidhani wanaziimarisha. Waliziua polepole. Mti unavimba na kusinyaa kwa majira, saruji haisogei. Panafunguka ufa mdogo kati yao, mvua inapenya, na saruji hairuhusu maji kutoka kama chokaa na udongo vinavyoruhusu. Nguzo inaoza ndani huku ukuta nje unang'aa. Siku hizi mafundi wa nyumba za kale huko wanaibandua ile saruji, wanakata mguu wa nguzo uliooza tu, wanaunga kipande cha mwaloni mpya kwa kiungo cha kuchonga, na kurudisha chokaa.

Nyumba ya bibi yangu kule Muheza ilipatwa na hayo hayo. Wajomba walimpigia lipu ya saruji nje, kwa mapenzi kabisa, na watu wakaja kumpongeza. Masika ya pili lipu ikaanza kutoa sauti ya mtungi mtupu ukiigonga, kisha ikabanduka vipande vikubwa, kila kipande kimeondoka na udongo wake, fito zikabaki nje. Fundi aliyeitwa alisema udongo ndio mbovu.

Nina neno pia kuhusu ile sura ya nyeusi na nyeupe ambayo watalii huipiga picha na kuiita ya kale. Kwa sehemu kubwa ni mtindo wa karne ya 19. Kabla ya hapo mwaloni uliachwa upauke wenyewe mpaka rangi ya kijivu, au nyumba nzima, miti na ukuta pamoja, ilipakwa chokaa. Ile roshani ya mbele ya The Feathers nayo ni nyongeza ya baadaye. Halinikeri, mradi tusidanganyane kwamba hivyo ndivyo Jones alivyoiona.

Na kwa nini The Feathers imedumu mpaka leo? London, baada ya moto wa 1666, sheria ililazimisha matofali na mawe. Ludlow kwenyewe, karne ya 18, wenye nacho walizivika nyumba zao za miti uso wa matofali ili ziende na wakati, na ukizunguka nyuma yake bado unaona boriti. Baraza lilivunjwa mwaka 1689, mawakili wakakosa kazi. Lakini kabla ya hapo, kama mwaka 1670, Thomas Jones, mtoto wa wakili, aliyekuwa kapteni upande wa mfalme katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, alikuwa ameigeuza nyumba ya baba yake kuwa gesti. Ikabaki gesti karibu miaka 200, ikaitwa hoteli mwaka 1863. Chakula, vitanda na pombe ndivyo vilivyolipia paa. Nyumba isiyoingiza kitu haipandiwi ngazi kukaguliwa vigae.

Kwa hiyo sina ugomvi na nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe kugeuzwa gesti. Ni njia nzuri kuliko kuzifungia kufuli tukisubiri wafadhili. Ila Ludlow aliyegeuza alikuwa mwana wa nyumba. Kule Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, mara nyingi aliyegeuza ni mgeni aliyenunua kwa bei ambayo wenye nyumba hawakuwa na namna ya kuikataa, na pesa hiyo hiyo wakaenda kujengea ya tofali za saruji.