Ubure wa programu na dhamana ya anayeipendekeza

Mtu akishajulikana mtaani au ofisini kuwa anaelewa kompyuta kidogo, haipiti wiki bila kuulizwa ni programu gani za bure zinazofaa kwenye mashine ya ndugu, jirani au mfanyakazi mwenzake. Muulizaji huwa anataka majina tu, na majina hayakosekani. Ugumu uko kwa anayejibu, kwa sababu kutaja programu ni kuingiza kitu cha mtu mwingine ndani ya mashine yenye picha za familia, barua za kazi, na kivinjari kinachokumbuka nywila zote za mwenye nayo. Ninaamini kwamba programu za bure zinamtosha mtumiaji wa kawaida, na baadhi yake zinazishinda za kulipia. Hata hivyo, kuwa bure peke yake hakutuelezi lolote kuhusu usalama wa programu, na anayeipendekeza hana budi kujua mambo matatu kabla hajafungua kinywa: inaendeshwa kwa fedha za nani, inapakuliwa wapi, na nani ataisasisha yeye akishaondoka.

Ni haki kwanza kutazama kile ambacho programu za bure zinashindana nacho hapa kwetu. Mtu asiyetumia LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia nyaraka na kupanga majedwali, kwa kawaida hajalipia Microsoft Office. Ametumia nakala iliyochakachuliwa, ambayo fundi ameibeba kwenye flashi pamoja na faili la kuvunjia leseni, na mara nyingi hatua ya kwanza ya kulitumia faili hilo ni kuzima antivairasi. Wanaotetea njia hiyo wana sababu zinazoeleweka: bei ya leseni ni mzigo kwa mwanafunzi, na mwajiri anataka Word, hataki maelezo. Lakini mtu aliyekubali kuzima ulinzi wa mashine yake kwa ajili ya faili lisilo na mwandishi anayejulikana amekwisha kuchukua hatari kubwa kuliko ile ya programu huria iliyoandikwa na watu wanaotaja majina yao na kuweka msimbo wao, yaani maandishi yanayoiunda programu, hadharani.

Mwaka jana mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, aliniletea kompyuta mpakato ya mtumba yenye diski ya GB 128, akilalamika kwamba inachelewa kuwaka na kila mara inamwambia nafasi imekwisha. Fundi aliyempelekea mwanzo alikuwa amemwekea programu tatu za kusafisha kompyuta na antivairasi mbili, zote za bure, na zote zikijiwasha pamoja na Windows. Kila programu ya kusafisha ilimwonyesha alama nyekundu na matatizo mia kadhaa, na kitufe cha kuyatatua kilimpeleka kwenye ukurasa wa malipo. Niliziondoa zote, nikasakinisha WinDirStat, ambayo ni programu huria inayosoma diski nzima kisha ikachora kila faili kama kipande cha rangi chenye ukubwa unaolingana na nafasi inayochukua. Baada ya dakika chache kioo kilijaa vipande, na sehemu kubwa ilikuwa ya rangi moja tu, rangi ya video. Rekodi za vipindi vya darasani zilikuwa zimepakuliwa mara mbili mbili kutoka kwenye kundi la WhatsApp, na filamu moja ilikuwa na nakala tatu katika folda tofauti. Programu ya kusafisha isingeweza kumsaidia hapo, maana haiwezi kujua kama rekodi ile ni takataka au ni maandalizi ya mtihani. Yeye mwenyewe alizitazama moja moja, akafuta alizoona hazina kazi, na nafasi ikapatikana.

Programu hizi za kusafisha zina watetezi, na utetezi wao hauna budi kusikilizwa. Enzi za Windows XP, diski zilikuwa ndogo na za polepole, mfumo wenyewe ulikuwa na zana chache za kujisafisha, na programu kama CCleaner iliwasaidia watu wengi kwa kitufe kimoja. Hata leo mtu asiyetaka kuingia kwenye mipangilio hupata faraja kwa kitufe hicho. Upande wa pili ni kwamba Windows ya sasa ina zana yake ya kufuta mafaili ya muda na kuondoa mabaki ya masasisho, na Microsoft imesema wazi kwamba haiungi mkono matumizi ya programu za kusafisha rejista, yaani ile hazina ya mipangilio ya mfumo, kwa sababu kuivuruga kunaweza kumlazimu mtu kusakinisha Windows upya. Kisha kuna yaliyotokea mwaka 2017. Wavamizi waliingia katika mfumo wa watengenezaji wa CCleaner na kupachika msimbo mbaya ndani ya toleo la 5.33, ambalo watu walilipakua kutoka kwenye chanzo halali kabisa, na kompyuta zipatazo milioni 2.27 zikalisakinisha kabla ya jambo hilo kutangazwa mwezi Septemba. Siwezi kusema kwamba tukio hilo linaithibitisha CCleaner kuwa programu mbaya, kwa kuwa uvamizi wa namna hiyo umezikuta kampuni nyingi. Ninachosema ni kwamba kila programu iliyomo ndani ya mashine ni mlango mmoja zaidi, na programu isiyo na kazi ya lazima haistahili mlango.

Kwenye antivairasi hukumu ni ngumu zaidi. Wanaopendekeza antivairasi za bure za kampuni nyingine wanakumbuka, na wanakumbuka sawasawa, miaka ambayo Windows haikuwa na kinga yake yenyewe na flashi moja iliyotoka stesheneri ilitosha kuziambukiza kompyuta zote za ofisi. Kile kirusi cha shotikati bado kinazunguka: unachomeka flashi, folda zako zote zimegeuka vijialama vyenye mshale mdogo, na mafaili yenyewe yamefichwa. Lakini Defender, antivairasi ya Microsoft yenyewe, sasa huja ndani ya Windows bila malipo, haimbembelezi mtu anunue toleo la juu, na ikiwa imesasishwa inatosha kwa mtu wa kawaida. Udhaifu wake mkubwa kwa mazingira yetu ni bando, kwa sababu mtu anayeingia mtandaoni kwa kuunganisha na simu huzima masasisho ili asimalizwe data, na kinga isiyosasishwa hupungukiwa na thamani kila siku. Udhaifu huo, hata hivyo, unazihusu antivairasi zote, za bure na za kulipia.

Hapa ndipo swali la fedha linapokuwa zito. Avast ilikuwa miongoni mwa antivairasi za bure zilizotumika zaidi duniani. Mwezi Januari 2020 uchunguzi wa waandishi wa habari ulionyesha kwamba taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wake zilikuwa zikiuzwa kupitia kampuni yake tanzu iliyoitwa Jumpshot. Jumpshot ilifungwa mwezi huo huo, na mwaka 2024 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5. Mtu alisakinisha kinga dhidi ya wanaochungulia, na kinga hiyo hiyo ikachungulia. Sidai kwamba kila kampuni inayotoa programu ya bure hufanya hivyo, maana ziko zinazojiendesha kwa haki kabisa kwa kuwauzia wachache toleo lenye mambo ya ziada. Ila mpendekezaji asipoweza kueleza fedha zinatoka wapi, ni afadhali anyamaze.

Programu huria zinajibu swali hilo vizuri zaidi. VLC, programu ya kuchezea video, ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, ikawekwa chini ya leseni huria mwaka 2001, na leo inasimamiwa na shirika lisilo la kibiashara. Haina matangazo, na hucheza karibu kila aina ya video ambayo mtu atatumiwa. 7-Zip, iliyoandikwa na Igor Pavlov tangu mwaka 1999, hufungua mafaili yaliyobanwa, na faili lake la kusakinisha halifiki hata MB 2, jambo ambalo mwenye bando la siku anaelewa thamani yake. Ukiilinganisha na WinRAR, ambayo kwa masharti yake ni ya majaribio ya siku 40 ingawa huendelea kufanya kazi baada ya hapo, sioni kwa nini mtu aendelee kuvunja leseni kwa kazi ambayo programu huria inaifanya.

Pamoja na hayo, wanaozitilia shaka programu huria hawazungumzi upuuzi. Nyingi zinabebwa na watu wachache sana. Mwezi Mei 2014 waandishi wa TrueCrypt, programu ya kufunga diski kwa nywila, waliacha kazi yao ghafla na kuwaambia watumiaji wahame. Ni kwa sababu msimbo ulikuwa hadharani ndipo wengine walipoweza kuuendeleza kwa jina la VeraCrypt. Mwezi Machi 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amepenyeza mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye seva kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Wanaotetea programu huria husema kwamba uwazi ndio uliookoa, na wanaopinga husema kwamba ni bahati. Naona wote wana sehemu ya ukweli, ingawa bila uwazi hata bahati hiyo isingekuwa na pa kushika. Na 7-Zip ninayoisifu haijisasishi yenyewe: kasoro iliyowawezesha wavamizi kukwepa onyo la Windows kwa mafaili yaliyotoka mtandaoni ilirekebishwa katika toleo la 24.09 mwishoni mwa mwaka 2024, lakini aliyeisakinisha zamani na kuisahau bado anatembea nayo.

Kuhusu mahali pa kupakua, hapo ndipo watu wengi huumia hata wakiwa wamechagua jina sahihi. Tovuti ya SourceForge, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa nyumbani kwa programu huria, ilianza kufungasha matangazo pamoja na programu, kiasi kwamba waendelezaji wa GIMP, programu huria ya kuhariri picha, waliihama mwaka 2013. Ilipofika 2016 ilipata wamiliki wapya walioukomesha utaratibu huo. Baadaye matangazo ya kwenye injini za utafutaji yakawa mtego mwingine: mwanzoni mwa mwaka 2023 matangazo bandia yaliyotumia majina ya VLC, 7-Zip na nyingine yalikuwa yakiwapeleka watu kwenye tovuti za kuiba nywila, na mwezi Desemba uliotangulia FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilikuwa imekwisha kuwashauri watu watumie vizuizi vya matangazo. Kwa sababu hiyo, kitu cha kwanza ninachokiweka kwenye mashine ya mtu ni kizuizi cha matangazo kiitwacho uBlock Origin ndani ya kivinjari cha Firefox, kabla ya kutafuta kitu kingine chochote. Ipo hoja kwamba vizuizi hivyo huwanyima mapato waandishi wadogo, nayo ni ya kweli, na anayejali anaweza kuruhusu matangazo kwenye tovuti anazozipenda.

LibreOffice inahitaji maneno ya tahadhari zaidi kuliko zote. Inafungua mafaili ya Word, inatoa PDF, na ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Kwa msomaji wa Kiswahili ina historia ya karibu pia, kwa sababu mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la mama yake LibreOffice. Lakini jedwali lililopangwa vizuri kwenye Word linaweza kuhama mstari likifunguliwa huku, na maoni ya msimamizi wa tasnifu yanaweza kusogea kutoka mahali pake. Simshauri mwanafunzi aliyebakiza wiki mbili kukabidhi tasnifu ahamie LibreOffice. Namshauri anayeanza mwaka wa kwanza, ambaye ana muda wa kuizoea na kujua kwamba kazi ya mwisho aitume kwa PDF.

Mwenye stesheneri au ofisi asome leseni kwa uangalifu kuliko mwenye kompyuta ya nyumbani, kwa kuwa programu nyingi ni za bure kwa matumizi binafsi tu. TeamViewer, kwa mfano, programu ya kuendeshea kompyuta iliyo mbali, ikihisi inatumika kibiashara hukata mawasiliano. VLC, 7-Zip na LibreOffice hazina sharti hilo.

Kompyuta ya mpwa wangu ilirudi kwake ikiwa na Firefox yenye uBlock Origin, VLC, 7-Zip, LibreOffice na WinDirStat, na Defender ikiwa imewashwa. Kwa kuwa mashine yenyewe ni ya zamani na haikidhi masharti ya Windows 11, nilimweleza pia kwamba Microsoft ilipanga kusitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba programu nzuri za juu haziwezi kuziba matundu ya mfumo ulio chini yake. Tulikubaliana akimaliza mitihani tujaribu Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, kwenye flashi kabla ya kugusa diski. Ndani ya daftari lake niliandika anwani rasmi ya kila programu kwa herufi kubwa, na mbele ya 7-Zip nikaongeza: tarehe moja ya kila mwezi, angalia toleo jipya, ukiwa kwenye waifai ya chuo.