Kibao kinasema 50, wenzako wanakwenda 70

Muulize dereva kwa nini amepita kikomo cha mwendo, mara nyingi atakujibu: "Nilikuwa naenda na wenzangu." Jibu hilo lina uzito wake. Ukishikilia 50 mahali ambapo kila mtu anakwenda 70, kioo cha ndani kinajaa taa za gari lililokuganda nyuma. Dereva wake anachungulia pembeni, anarudi, anachungulia tena, kisha anachomoka kuovateki huku lori likija mbele. Magari yakitofautiana sana mwendo, ndipo watu wanapoanza kupita kwa pupa na kukutana uso kwa uso.

Ila hoja hiyo inahesabu magari tu. Anayesubiri kuvuka hayumo.

Chukua madereva wawili walio sambamba, mmoja 50, mwingine 60. Magari ni yaleyale, breki nzima, lami kavu. Mtoto anakimbilia mpira. Kila dereva anatumia kama sekunde moja kumwona na kukanyaga breki, na katika sekunde hiyo wa 50 ameshakwenda karibu mita 14, wa 60 karibu 17, kabla gari halijaanza hata kupunguza. Wa 50 anasimama kwenye mita 28 hivi. Pale aliposimama, mwenzake anapita akiwa bado na karibu kilomita 40 kwa saa. Soma tena hapo: walitofautiana kwa 10 tu. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kufunga breki unakuwa mara nne, na hiyo ni kabla ya mvua kunyesha au tairi kuwa kipara.

Alichopata huyo wa 60 ni nini? Katika safari ya kilomita 10, dakika mbili, tena kama hakuna foleni.

Wanaolalamikia vikomo wana hoja nyingine ambayo naikubali kabisa: kibao peke yake hakimzuii mtu. Barabara pana iliyonyooka inamwita dereva akanyage mafuta. Uswidi, bunge lake lilipopitisha mwaka 1997 lengo la kufikia mahali ambapo hakuna anayekufa wala kuumia vibaya barabarani, iligusa barabara zenyewe, ikaweka hata nyaya imara katikati ili magari yasigongane uso kwa uso. Wajenzi wana deni kwetu. Lakini mtoto anavuka leo, na mguu ulio juu ya mafuta ni wako.

Kwa hiyo penye makazi, shule au kivuko, mimi nasimama na kibao, na anayepiga honi nyuma apige. Kwenye barabara kuu nje ya makazi, ukiwa unakwenda polepole kuliko wenzako, washa indiketa na uwapishe penye nafasi. Aliye mbele yako akipita nguzo, hesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ukifika kwenye nguzo kabla hujamaliza, umemkaribia mno. Mvua ikinyesha hesabu hadi nne. Na aliyekuganda nyuma usimjibu kwa kugusa breki. Ongeza nafasi mbele yako, usije ukalazimika kufunga breki ghafla naye akakuingia. Akianza kukupita, punguza kidogo apate pa kurudi.