Sleng Teng na lawama ya kuwanyima wapigaji kazi

Prodyuza Prince Jammy alipoifyatua Sleng Teng, ridimu (mdundo wa ala unaoimbiwa nyimbo nyingi) iliyotoka kwenye mashine, Februari 1985, katika mpambano wa saundi sistemu, yaani mitambo mikubwa ya kupigia muziki, dhidi ya kundi la Black Scorpio mjini Kingston, muziki wa Jamaika uligeuka. Wanaoilaumu hadi leo wana hoja. Kabla yake, kurekodi ridimu mpya kulihitaji mpiga besi, mpiga ngoma, gitaa na kinanda, na kila mmoja alilipwa. Baada yake, maprodyuza wengi waliona mashine inatosha, na kazi za studio zikapungua.

Lakini wakisema ilikuwa kubonyeza kitufe tu, nakataa. Mdundo ule ulikuwamo kiwandani, ndani ya kinanda kidogo cha Casio MT-40 kilichouzwa tangu 1981. Aliyeutunga ni Hiroko Okuda wa Japani, aliyeandika tasnifu yake ya chuo kuhusu reggae kabla ya kuajiriwa Casio. Kwenye kinanda uliitwa roki. Noel Davey na Wayne Smith, vijana wa Waterhouse, mtaa wa Kingston, ndio waliousikia kama dancehall, muziki wa dansi wa Jamaika. Jammy akaupunguza kasi, akaongeza piano na makofi. Mamia waliingiza sauti juu yake. Smith aliimba kwamba bangi inamtosha, kokeini haitaki. Tenor Saw, hata miaka 20 hajafika, alipitisha wimbo wa Pumpkin Belly kwa ile sauti yake ya kulia. Johnny Osbourne, mkongwe wa studio ya Studio One, akaja na Buddy Bye. Mdundo mmoja, na hakuna anayemchanganya mwimbaji mmoja na mwingine.

Kinachonisumbua zaidi ni hili la kuwapora wapigaji. Ridimu ya Real Rock ilipigwa na bendi ya Sound Dimension mwaka 1967, ile ya Stalag ikarekodiwa 1973, zote kwa mikono ya watu. Ridimu hizo ziliimbiwa upya miaka nenda miaka rudi, huku mpigaji akiwa kwa kawaida alishalipwa ujira wa siku ile basi. Jamaika ilikuja kupata sheria yake ya kisasa ya hakimiliki mwaka 1993. Kwa hiyo wapigaji walikuwa wakipunjwa zamani, tena na binadamu wenzao. Sleng Teng iliwanyima ujira wa kesho, jambo linaloumiza kweli, lakini mfumo wa kumtumia mpigaji mara moja na kuivuna kazi yake maisha haukuanzia kwenye Casio.

Na si wote walioachwa nje. Steely, mpiga kinanda wa bendi ya Roots Radics, aliungana na mpiga ngoma Clevie, wakawa mabingwa wa mashine katika studio ya Jammy. Ridimu yao ya 1989, Fish Market, ndiyo inayotajwa kuwa mzizi wa mdundo wa reggaeton, muziki wa dansi wa Amerika ya Kilatini. Mwaka 2021 ilifunguliwa kesi Marekani kuidai haki yake, upande wa Steely ukisimamiwa na warithi, kwani alifariki 2009. Wanachodai ni kilekile ambacho wapigaji wa Real Rock hawakupewa nafasi ya kukidai.